Tuneli ya SSH kwenye laptopu: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Jamani hii ssh -D 1080 (amri ya SSH, njia ya siri ya kuunganisha kompyuta yako na seva ya mbali, hapa inafungua tuneli ya kupitishia intaneti yako kwenye seva hiyo) imeshakuwa kama dawa ya kila ugonjwa, mtu anakodi kaseva ka bei chee huko Ujerumani, anawasha tuneli, anajaza 127.0.0.1 (yani kompyuta yake mwenyewe) na poti 1080 kwenye sehemu ya proksi, yani mpitishaji wa kati, ya brauza ya Firefox halafu anatamba eti kompyuta nzima sasa iko siri. Nzima wapi! Zinazopita humo ni programu ulizoziambia zipite humo tu, apdeti za Windows, Zoom, gemu, zote zinatoka na IP (namba ya anwani yako mtandaoni) ileile ya nyumbani, we fungua brauza ingine ambayo hujaigusa uangalie IP utaona mwenyewe. Na magemu mengi na simu za video hata ukilazimisha hazitakaa sawa, zinapenda UDP na ssh -D inabeba TCP peke yake (ni njia mbili tofauti za kusafirisha data).

Wengine wanadhani SOCKS5, lugha ya proksi ambayo Firefox inaongea na tuneli, yenyewe ndo inaficha data. Hapana. SOCKS5 toka ilipoandikwa 1996 kazi yake ni kupokea ombi la "nipeleke seva fulani, poti fulani" na kupeleka, basi, siri yote inatoka kwa SSH. Kwa hiyo zile listi za proksi za bure mnazorushiana kwenye magrupu, ukiunganisha moja kwa moja umebaki na ulinzi wa https tu, na kama tovuti ni http tupu mwenye proksi anasoma kila kitu.

Sasa DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa IP, hapa ndo watu wanavuja bila kujua. Ukurasa unapita kwenye tuneli sawa, ila swali la "hii tovuti IP yake ipi" linaweza kwenda kwa mtoa intaneti wako kama kawaida, yani anajua unapokwenda. Firefox kuanzia toleo la 128 la 2024 inapeleka swali hilo kwenye SOCKS5 yenyewe, za zamani ulikuwa unatiki kiboksi chake kwa mkono. Kwenye curl (programu ya kuvuta kurasa kwa amri) angalia herufi moja tu: socks5:// inauliza hapohapo kwako, socks5h:// inaiachia seva iulize.

Na hii ya "mtoa intaneti haoni kitu" nayo ipunguzwe. Anaona IP ya seva yako, saa ngapi, data kiasi gani, hata kwamba ni SSH anajua, maana salamu ya kwanza inayoanza na SSH-2.0 inatumwa wazi kabla funguo hazijakubaliana. Ikishatoka kwenye seva kwenda kwenye tovuti, SSH haipo tena, aliyekukodisha seva yuko pale ambapo mtoa intaneti wako alikuwa jana.

Laptopu ikilala tuneli inakufa. Firefox itagoma kufungua kurasa, na igome tu, usikimbilie kuzima proksi kwa hasira, washa ssh upya na uongeze -o ServerAliveInterval=60 ijue mapema kama laini imekata.