Homeostasisi: jinsi mwili unavyolinda hali yake ya ndani

Homeostasisi ni uwezo wa mwili wa kudumisha hali yake ya ndani katika viwango vinavyofaa, hata mazingira ya nje yakibadilika. Neno hilo lilitungwa na mwanafiziolojia Mmarekani, Walter Cannon, mwaka 1926. Wazo lenyewe lina umri mkubwa zaidi: katika karne ya 19 Mfaransa Claude Bernard alikwisha kueleza kwamba seli zetu huishi ndani ya majimaji yanayozizunguka, na kwamba majimaji hayo ndiyo mwili unayoyalinda.

Kuliita jambo hili "utulivu" kunapotosha. Viwango hupanda na kushuka muda wote, ila ndani ya mipaka finyu. Joto la ndani ya mwili hucheza karibu na nyuzi 37 za Selsiasi, pH ya damu, yaani kipimo cha uasidi wake, kati ya 7.35 na 7.45, na sodiamu ya damu kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita.

Kazi hiyo ya kulinda viwango ina sehemu tatu: vipokezi vinavyopima, kituo kinacholinganisha kipimo na kiwango kinachotakiwa, na watendaji wanaorekebisha, kama misuli, tezi na mishipa ya damu. Marekebisho yakipinga badiliko lililotokea, huo ni mrejesho hasi. "Hasi" hapa haina maana ya ubaya. Mrejesho chanya, unaoongeza badiliko badala ya kulipinga, ni nadra. Uchungu wa kuzaa ni mfano wake, kwani homoni ya oksitosini huongeza mikazo ya mji wa mimba, na mikazo huchochea oksitosini zaidi hadi mtoto atoke.

Ukitaka kuelewa ugonjwa, uliza ni sehemu gani ya mnyororo iliyokatika. Baada ya kula ugali, sukari ya damu hupanda na kongosho hutoa homoni ya insulini ili seli ziipokee sukari hiyo. Katika kisukari cha aina ya 1, insulini haitoki au hutoka kidogo mno. Katika aina ya 2, hasa mwanzoni, insulini ipo, lakini misuli, ini na mafuta haviitikii vya kutosha. Sukari inapanda kote kuwili, ila kasoro ni tofauti, ndiyo maana tiba hazifanani.

Joto linaonyesha jambo hili waziwazi. Kituo chake ni haipothalamasi, ndani ya ubongo. Mwili ukipata joto, mishipa ya ngozi hutanuka na jasho hutoka. Lita 1 ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa takriban kilokalori 580 za joto. Sharti likauke. Mombasa au Dar es Salaam, hewa ikijaa unyevu, jasho hutiririka na kudondoka: maji na chumvi vinapotea, joto linabaki.

Mgonjwa wa malaria je? Kinga ya mwili husababisha kutengenezwa kwa prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe, na hizo hupandisha kiwango kinachotakiwa, tuseme hadi nyuzi 39. Akiwa na nyuzi 37.5, ubongo wake unahesabu kwamba ana baridi. Ndiyo maana anatetemeka na kuomba blanketi ilhali joto lake tayari limepita kawaida. Kiwango kikirudi chini, anatota jasho. Udhibiti haujaharibika hapo. Umepewa shabaha mpya.

Kiharusi cha joto ni kinyume. Shabaha bado ni nyuzi 37, ila mwili umeshindwa kutoa joto. Joto hupita nyuzi 40 na mtu huchanganyikiwa, huanguka kifafa au huzimia. Paracetamol hushusha homa kwa kupunguza prostaglandini, kwa hiyo hapa haina cha kurekebisha. Mpeleke kivulini, mvue nguo za ziada, mmwagie maji mwili mzima huku ukimpepea, na mtafutie usafiri wa hospitali mara moja. Akiwa hana fahamu timamu, usimnyweshe kitu, kwa sababu kinaweza kuingia mapafuni.