Je, wajua kwa nini gesi ya Mtwara haiingii kwenye mtungi wako wa jikoni?

Swali hili nimelisikia mara nyingi kuliko nilivyowahi kulijibu. Mara ya mwisho lilitoka kwa mama lishe mmoja wa Mikindani, ambaye mimi hula chakula cha mchana kwake nikipita huko. Ilikuwa Julai, mbaazi mpya zimeingia sokoni. Alikuwa anapepea jiko la mkaa, sufuria ya mbaazi juu yake, na pembeni mtungi wa kilo 6 umekaa mtupu, umebebeshwa ndoo ya maji kama stuli.

"Mwanangu, wewe si msomi? Gesi inatoka Msimbati hapo, mtu anaenda na bodaboda na kurudi. Mbona mtungi wangu mimi unatoka Dar?"

Jibu ni kwamba hizo ni gesi mbili tofauti, zimefanana ukoo tu. Gesi ya Mnazi Bay, huko huko Msimbati, iliyogunduliwa mwaka 1982, ni metani karibu tupu. Ya kwenye mtungi ni propani na butani, na sisi huletewa kwa meli. Propani na butani ni wapole: zibane kidogo tu na zinageuka kimiminika, hata kwenye jua la Mtwara. Ndiyo maana ukitikisa mtungi uliojaa unasikia kitu kikicheza ndani. Metani ni mkaidi. Katika joto tulilolizoea, ibane utakavyo, itabaki hewa. Kuifanya kimiminika lazima uipoze hadi karibu nyuzi 162 chini ya sifuri, na hiyo ndiyo kazi ya mtambo ule wa Likong'o, Lindi, unaozungumzwa miaka nenda miaka rudi. Njia nyingine ni kuibana hadi mara 200 hivi ya shinikizo la hewa ya kawaida, kama wanavyofanya kwa magari ya gesi kule Dar, lakini hapo unahitaji mtungi mnene na mzito, si huu wa kubeba begani.

Nilipiga hesabu kwa kujifurahisha. Chukua mtungi wa kilo 6, uujaze metani kwa shinikizo la mara nane ya hewa ya kawaida. Utachemsha maji lita tano au sita, basi, gesi imekwisha.

Kwa hiyo metani inataka bomba. Na bomba lipo: la inchi 36, linaanzia Madimba hadi Dar es Salaam, likazinduliwa mwaka 2015, miaka miwili baada ya watu wa Mtwara kuingia barabarani kupinga gesi kuondoka. Linalisha mitambo ya umeme na viwanda. Majumbani limefika kwenye mitaa michache tu, maana mtaro wa bomba la mtaani hulipa pale nyumba zinapobanana. Mita 100 za mtaro zikihudumia nyumba 20 ni habari moja. Zikihudumia nyumba mbili na mikorosho sita katikati, ni habari nyingine kabisa.

Mpaka hapa unaweza kudhani hili ni somo la kemia. Kumbe ndilo swali ambalo nchi zetu zinaulizwa kwenye kila mkutano wa tabianchi: mtapunguza gesijoto, yaani gesi zinazopasha dunia joto, kwa teknolojia ipi? Chini ya Mkataba wa Paris, Tanzania ilisema mwaka 2021 kwamba ifikapo 2030 itapunguza uzalishaji wake kwa asilimia 30 hadi 35, ukilinganisha na hali ambayo ingekuwapo bila kuchukua hatua yoyote. Na hii ni nchi ambayo mtu wake mmoja, kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe anayochoma, hafikishi hata nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka. Sehemu kubwa ya gesijoto zetu hutoka kwenye misitu na ardhi: miti inayokatwa, mapori yanayochomwa, na matanuri ya mkaa.

Upo utaratibu rasmi wa kuchagua. Unaitwa tathmini ya mahitaji ya teknolojia, unaratibiwa chini ya Umoja wa Mataifa, na Tanzania imewahi kuufanya. Wataalamu na wadau hukaa mezani, wanaandika orodha ya teknolojia, kisha kila moja inapewa alama: inapunguza gesijoto kiasi gani, inagharimu nini, inaleta ajira, inatunza mazingira? Kila kigezo hupewa uzito, alama zinazidishwa, zinajumlishwa, na orodha inajipanga yenyewe kutoka ya kwanza hadi ya mwisho.

Mimi naupenda utaratibu huo kwa sababu unalazimisha watu waseme wazi wanachokithamini. Lakini mchezo wote uko kwenye uzito. Weka uzito mkubwa kwenye tani za hewa ukaa, mtambo mkubwa utashinda. Weka kwenye "ikiharibika nani ataitengeneza, na kipuri kinatoka wapi", jiko la udongo lililoboreshwa linapanda juu. Na wanaogawa uzito huo mara nyingi wamekaa ukumbini, wala si kwenye moshi.

Tuchukue biogesi. Kwenye karatasi inapendeza: kinyesi cha ng'ombe kinaingia shimoni, metani inatoka, mama anapika, mbolea inabaki. Arusha kipo kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, CAMARTEC, kilichoisambaza miaka mingi, na kwa mfugaji wa Kaskazini mwenye ng'ombe wawili watatu bandani inafanya kazi kweli. Sasa ipandishe Newala au Tandahimba, juu ya uwanda wa Wamakonde. Shimo la biogesi linataka maji karibu sawa na kinyesi, ndoo kwa ndoo, kila siku. Kule juu maji ndiyo shida ya miaka yote. Watu wanayanunua au wanayafuata mabondeni. Na ng'ombe wa bandani wako wapi? Lindi, ndiyo, ng'ombe wapo, wa wafugaji waliohamia baada ya kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, lakini hao hutembea, na kinyesi chao kinabaki porini walikopita. Mtambo ni uleule, mzuri vilevile. Mahali ndipo pameukataa.

Hili si jipya kwetu. Waingereza walianza mpango wao wa karanga mwaka 1947, wakaufikisha hadi Nachingwea, matrekta, reli na bandari ya Mtwara ndani yake. Mwaka 1951 wakaufunga, na baadaye hata reli ikang'olewa.

Mfano wa karibu zaidi ni mbono. Miaka ya 2000 mbono ulitangazwa dunia nzima kama mmea wa kuokoa tabianchi: mbegu zake zina mafuta, unaota kwenye ardhi mbovu. Kampuni moja ya Uholanzi ikachukua takriban hekta 34,000 za ardhi ya vijiji wilayani Kilwa ili kulima mbono, mafuta yakazalishe umeme Ulaya. Msitu ukaanza kufyekwa ili kupisha mmea wa kupunguza hewa ukaa, yaani hewa ukaa iliyokuwa imetulia ndani ya miti ikaachiwa kwanza. Mwaka 2010 kampuni ikafilisika. Wilaya hiyohiyo, mwaka 2009, vijiji vya Kikole na Kisangi vilikuwa vimepata cheti cha kimataifa cha kuvuna mpingo bila kuumaliza msitu, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji. Hawakuleta mtambo wowote. Walihesabu miti, wakakubaliana ikatwe mingapi, wakalinda mingine. Sijui kama kwenye ukumbi wangeiita teknolojia.

Turudi jikoni. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Watu wengi wakisikia hivyo wanafikiria mtungi. Mama lishe wangu anao mtungi, na haupiki. Kwa nini? Sababu ni namna pesa inavyoingia. Mkaa unauzwa kwa kopo; ukiuza sahani tatu za asubuhi umepata mkaa wa mchana. Mtungi unataka upige pesa yote mara moja, na Mtwara pesa ya mkupuo ina msimu wake: minada ya korosho, kuanzia Oktoba. Kati ya Machi na Septemba mji mzima unaishi kwa kopo. Ndiyo maana nadhani aliyebuni mtungi wenye mita, unaolipia kwa simu kadiri unavyopika, alielewa jambo kuliko aliyegawa mitungi ya bure.

Tena mtungi wenyewe unakuja kwa barabara. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara maeneo ya Somanga, Lindi na Mtwara zilitengwa na Dar kwa siku kadhaa.

Halafu kuna mbaazi. Mbaazi kavu ni kipimo kikali cha jiko lolote. Saa mbili, tatu, moto haukatiki. Ukipika mbaazi kwa gesi ya mtungi unatazama pesa ikitoka na mvuke, kwa hiyo hata wenye mtungi uliojaa wanachemshia chai tu, kazi nzito wanaipeleka kwenye mkaa. Na mkaa ni ghali kwa msitu kuliko tunavyofikiri: tanuri la kienyeji, kilo 100 za kuni hutoa mkaa kilo 10 hadi 20 tu. Nyingine zote zimeishia hewani kabla jiko halijawashwa. Kuboresha tanuri huenda kukaokoa miti mingi kuliko kuboresha jiko, ila hakuna kiongozi anayependa kupigwa picha akiwa na tanuri.

Ndipo nikamwambia habari ya presha kuka ya umeme. Chombo kimefungwa, joto halitoki, mvuke unabanwa. Mbaazi zinaiva kwa chini ya uniti moja ya umeme. Na umeme huo sehemu yake unazalishwa kwa metani ileile ya Mnazi Bay. Gesi ya Msimbati haiwezi kuingia kwenye mtungi wake, lakini kwenye waya imekwishaingia. Si safi kabisa, tuseme ukweli: metani ikivuja njiani, kwa kipindi cha miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa yenye uzito uleule. Ila haikati mti.

Alinisikiliza huku anapepea. Akauliza inapika sahani ngapi. Nikasema ya lita 6, labda 15. Yeye anauza 40. Akauliza umeme ukikatika katikati. Nikasema chombo kinatunza joto, kinaendelea kuivisha kidogo. "Kidogo," akarudia. Akauliza bei, nikamtajia. Akakisogeza kile kindoo juu ya mtungi, akachota maji, akaongeza kwenye mbaazi.

"Basi tusubiri mnada."