Wakili wa mzunguko: kazi ya sheria iliyotembea kwa farasi

Wakili wa mzunguko alikuwa mtu wa sheria aliyemfuata jaji kutoka mji hadi mji na kupata wateja palepale kikao kilipofunguliwa. Sehemu kubwa ya Marekani iliendesha kesi zake hivyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na ukitaka kuelewa kwa nini wanasiasa wengi wa majimbo ya huko walitokea kwenye uwakili, anza na safari hizo.

Sababu ya utaratibu huu ni rahisi. Jimbo kama Illinois lilikuwa na kaunti nyingi zenye watu wachache, na kaunti moja haikuwa na kesi za kutosha kumweka jaji mwaka mzima wala fedha za kumlipa. Kwa hiyo kaunti kadhaa ziliunganishwa kuwa mzunguko mmoja wenye jaji mmoja, naye alizipitia zote mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya kupukutika kwa majani. Mji mdogo ulipata siku chache za mahakama, mkubwa wiki moja au zaidi. Zikiisha, jaji na mawakili wanapanda farasi au vigari na kuelekea kaunti inayofuata.

Mfano unaojulikana zaidi ni Mzunguko wa Nane wa Illinois, ulioanzishwa mwaka 1839. Ulipokuwa mpana kabisa ulikuwa na kaunti 14, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na kuuzunguka wote kulihitaji safari ya zaidi ya kilomita 600. Kuanzia mwaka 1848 jaji wake alikuwa David Davis wa Bloomington. Mawakili wengi waliambatana naye kaunti mbili tatu tu za karibu na kwao, kisha wakarudi nyumbani. Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikuwa mmoja wa wachache walioumaliza mzunguko mzima, huku mshirika wake wa uwakili William Herndon akibaki zaidi kuangalia ofisi ya Springfield.

Lincoln hakupita chuo cha sheria. Jumla ya masomo yake ya darasani haikufika hata mwaka mmoja. Aliazima vitabu vya sheria kwa wakili John Todd Stuart, akasoma peke yake, na mwaka 1836 akapata leseni. Kufikia hapo alikuwa tayari mbunge wa jimbo. Aligombea Baraza la Wawakilishi la Illinois mwaka 1832 akashindwa, akashinda mwaka 1834, na akachaguliwa tena mara tatu mfululizo. Siasa ilitangulia, uwakili ukafuata, na Stuart aliyemwazima vitabu alikuwa mbunge mwenzake wa chama cha Whig. Baraza nalo kwa kawaida lilikutana majira ya baridi, wakati mizunguko imesimama, hivyo mtu mmoja aliweza kuzifanya kazi zote mbili bila moja kuikaba nyingine.

Jaji akifika mjini, wakulima waliingia kutoka vijijini, wengine kwa kesi zao, wengine kusikiliza tu, maana mahakama ilikuwa burudani kubwa mahali ambapo burudani zilikuwa haba. Wakili wa mji husika, ambaye alikuwa ameshaandaa makaratasi, alimtafuta wakili mgeni mwenye ulimi mzuri amsaidie kusimama mbele ya wananchi 12 walioitwa kuamua ukweli wa kesi. Mara nyingi wakili huyo alimwona mteja wake kwa mara ya kwanza asubuhi ileile. Kesi nyingi zilikuwa za madeni, nyingine za mipaka ya mashamba, mifugo, kashfa na talaka, na mara mojamoja mauaji. Malipo ya dola 5 au 10 kwa kesi yalikuwa ya kawaida.

Usiku wote walijazana kwenye nyumba ya wageni ileile. Mawakili waliokuwa wakirushiana maneno mchana walilala kitanda kimoja wawili wawili. Davis, mwenye mwili mkubwa ajabu, alipata kitanda chake peke yake, na nadhani hakuna aliyelalamika. Jaji akiwa na dharura, aliwahi kumwachia Lincoln kiti chake asikilize kesi, jambo ambalo leo lingezua malalamiko siku hiyohiyo.

Mtindo huu wa kupokea kesi inayokuja ulikuwa na upande wake mchungu. Mwaka 1841 Lincoln alishinda katika Mahakama ya Juu ya jimbo kesi iliyomhusu mwanamke mweusi aliyeitwa Nance, mahakama iliposema kwamba Illinois mtu huhesabiwa huru mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lakini mwaka 1847, katika Kaunti ya Coles, alisimama upande wa Robert Matson, mwenye watumwa kutoka Kentucky aliyetaka kurudishiwa Jane Bryant na watoto wake. Alishindwa, nao wakawa huru. Wanaomsifu Lincoln huipita kesi hii mbio mbio, lakini bila hiyo huwezi kumwelewa wakili wa aina ile: aliyefika kwanza na shauri lake ndiye aliyekuwa mteja.

Faida ya kisiasa ilikuwa wazi. Mtu anayepita kila kaunti mara mbili kwa mwaka anajua nani ana deni, nani anasikilizwa kanisani, gazeti gani linaunga mkono chama kipi. Kikao kikiahirishwa, jengo la mahakama liligeuka ukumbi wa hotuba. Tena, maseneta wa Marekani wakati huo walichaguliwa na mabunge ya majimbo, hivyo kufahamiana na wabunge wa kaunti za mbali kulikuwa mtaji. Mwanzoni mwa 1855 Lincoln aliujaribu mtaji huo akaukosa useneta, ukaenda kwa Lyman Trumbull.

Reli ndiyo iliyoua mzunguko wa farasi. Katika miaka ya 1850 mawakili walianza kusafiri kwa treni, kaunti zikaongezeka watu, na Mzunguko wa Nane ukapunguzwa hatua kwa hatua. Fedha pia zilibadilika: mwaka 1857 Lincoln alilazimika kuishtaki kampuni ya reli ya Illinois Central ili apate ada yake ya dola 5,000.

Urafiki wa barabarani ulidumu kuliko barabara zenyewe. Mwezi Mei 1860, mkutano wa chama cha Republican wa kumteua mgombea urais ulipofanyika Chicago, aliyeongoza kampeni ya Lincoln alikuwa Jaji Davis, akisaidiwa na mawakili wa mzunguko uleule kama Leonard Swett na Ward Hill Lamon. Mwaka 1862 Rais Lincoln alimteua Davis kwenye Mahakama ya Juu ya Marekani. Miaka minne baadaye, Lincoln akiwa ameshauawa, Davis ndiye aliyeandika hukumu ya kesi ya Milligan: raia hawezi kushtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi mahali ambapo mahakama za kiraia ziko wazi, kinyume cha yale yaliyofanywa chini ya serikali ya rafiki yake wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.