Mafuta ya nyumbani ya kuondolea mekapu: maswali tunayoulizwa kliniki

Harusi zinapojazana mwezi wa Shaabani na tena kuanzia Mfunguo Mosi, kliniki hupokea kina dada wenye macho mekundu na kope zilizovimba. Mara nyingi kilichowaumiza ni mafuta waliyoondolea mekapu, waliyoyapika wenyewe jikoni au kuyanunua kwa jirani aliyeyapika. Kuyatengeneza si kosa, na yakitengenezwa vyema ni bora mara nyingi kuliko sabuni ya kufulia ambayo baadhi yetu bado tunaisugulia uso. Tunalolilalamikia ni kile kinachotiwa ndani yake, na siku zinazopotea kabla ya mtu kuja kutibiwa.

Mafuta haya ni kitu gani?

Ni mafuta ya kawaida yaliyogandishwa kwa nta. Wanja, fundesheni na maskara isiyotoka kwa maji vina mafuta na nta ndani yake, kwa hiyo huyeyuka vikikutana na mafuta, wakati maji peke yake hayafui dafu.

Kwa nini nitie nta? Mafuta ya nazi hayatoshi?

Yanatosha kuondoa mekapu, lakini mafuta ya nazi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 24 hivi, na nyumba zetu huwa na joto zaidi ya hapo karibu mwaka mzima. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, ndiyo maana hushikilia mchanganyiko usimwagike. Kwa uzito, sehemu moja ya nta kwa sehemu tano za mafuta inatosha, ikiyeyushwa ndani ya bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto. Mwenye chunusi aache nazi atumie alizeti, kwa sababu mafuta ya nazi huziba vinyweleo vya watu wengi.

Naweza kuongeza maji ya mawaridi au utomvu wa mshubiri?

Usiongeze. Mafuta makavu hayaoti vijidudu kwa urahisi, lakini ukitia kitu chenye maji bila dawa ya kuhifadhi, umewapa bakteria na kuvu makao. Hata mafuta ya nazi uliyoyapika mwenyewe kutokana na tui yachemshwe mpaka maji yote yaishe, kisha yachujwe. Makopo tunayoletewa mara nyingi yana alama za vidole na chembe za wanja juu yake, na ukiyafungua hunuka kuchacha. Kopo la namna hiyo ni la kutupwa, na jipya lichotwe kwa kijiko kikavu.

Na mafuta ya karafuu? Si huua vijidudu?

Hapana, usitie. Tunajua kwamba karafuu ni fahari ya visiwa hivi, na kwamba mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanayokamuliwa Pemba yamo katika nyumba nyingi kwa ajili ya jino na kuchua viungo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, ambayo ikiwa kali huunguza ngozi, na jichoni huunguza zaidi. Kwa ngozi ya mwili, wataalamu wa mafuta ya manukato hushauri yasizidi nusu ya asilimia 1 ya mchanganyiko, yaani nusu gramu katika gramu 100. Kijiko kimoja cha chai, ambacho ndicho kipimo tunachotajiwa na wagonjwa, ni takriban mara kumi ya hapo, na mafuta yenyewe yanasuguliwa kwenye kope.

Matone mawili tu?

Hata moja. Kitu kinachopakwa kwenye jicho hakitiwi karafuu, wala makonyo, wala mdalasini, wala ndimu.

Yameshaingia jichoni. Nifanye nini?

Osha kwa maji safi papo hapo, kabla ya kumpigia simu mtu yeyote. Kama umevaa lenzi, itoe mara moja, na ikigoma endelea kuosha. Inamisha kichwa upande wa jicho lililoumia, lifungue kwa vidole, na umimine maji taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje, ili yasiingie jicho la pili. Endelea kwa dakika 15 hadi 20 bila kusugua. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa Unguja, Mnazi Mmoja wana kitengo cha macho. Aliye mbali aanzie kituo cha afya cha karibu, naye atapewa rufaa.

Na kama jicho limeacha kuuma?

Nenda vilevile. Hili tunaliomba kuliko yote. Eujenoli hutia ganzi, na ndiyo sababu hutuliza jino. Jicho likifa ganzi, mtu hulala akidhani amepona, huku konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ikiwa imechubuka. Kidonda hicho kikipata vijidudu huacha kovu, na kovu likiwa katikati hupunguza uoni kwa maisha yote. Wanaokuja siku ya nne, doa jeupe limeshaonekana, karibu wote hutuambia maneno yale yale: "Liliacha kuuma." Kuacha kuuma si kupona. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama kesho yake ni siku ya kutolewa nje, yaani bi harusi kuonyeshwa kwa wageni.

Bibi amesema nitie maziwa ya mama kwanza.

Kwa heshima zote kwa bibi, hapana. Maziwa, chai ya rangi na asali havisafishi kemikali, na vinaweza kupeleka vijidudu kwenye kidonda. Kibaya zaidi ni ile chupa ya matone iliyobaki kabatini baada ya mtu mwingine kutibiwa, kwa sababu baadhi ya matone hayo yana steroidi, ambayo huondoa wekundu na kuuacha uambukizo ule jicho kimyakimya. Maji kwanza, hospitali baadaye, na katikati yake pasiwe na kitu.

Basi nitoeje mekapu bila madhara?

Ondoa lenzi na kope za bandia kwanza, ukilainisha gundi kwa mafuta yasiyo na manukato kwenye pamba, macho yakiwa yamefumbwa. Chukua mafuta kiasi cha punje ya hindi, paka uso mkavu, kisha futa kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya vuguvugu, umalizie na sabuni laini ya uso, kwa sababu nta haitoki kwa maji matupu.

Nikija hospitali nichukue nini?

Chukua kopo lenyewe, hata kama limebaki tupu, na umuulize aliyekuuzia alitia nini. Daktari akijua kilichoingia jichoni hapotezi muda kubahatisha, na muuzaji naye atajua kwamba makopo aliyobaki nayo hayafai kuuzwa.