Kichocheo Nacho Hufa

Nimeulizwa tena, safari hii na mhandisi mzima: "Kichocheo si hakitumiki kwenye mmenyuko? Sasa hela ya kununua kingine ya nini?" Kichocheo ni kile kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali. Basi leo tulimalize.

Kitabu cha sekondari hakikudanganya. Kwa mzunguko mmoja, kichocheo hutoka kama kilivyoingia. Ila kituo kile kile cha kazi, yaani sehemu ya kichocheo ambapo mmenyuko hufanyika, huzunguka maelfu kwa maelfu ya mara, na katika kila mzunguko jambo linaweza kwenda mrama.

Chukua gliseroli, kimiminika kizito kinachobaki mafuta yakigeuzwa kuwa biodizeli. Kila tani kumi za biodizeli huacha takriban tani moja, na watu wakiiona wanasema mali ya bure. Njia za kuigeuza zipo: kwa shaba na haidrojeni, kwenye nyuzi 200 hivi, unapata propileni glikoli. Kwa asidi yabisi kama zeolaiti (madini ya alumini na silika yenye vitundu vidogo sana), nyuzi 250 hadi 350, unang'oa molekuli mbili za maji unabaki na akroleini. Hapo ndipo msiba. Molekuli za akroleini hazitulii, zinaungana zenyewe kwa zenyewe, masizi yanaziba vitundu, na zeolaiti iliyoingia nyeupe inatoka nyeusi. Utaniambia niichome kwa hewa. Nachoma, inafufuka, lakini joto na mvuke vinaing'oa alumini yake taratibu, na alumini ndiyo iliyokuwa inaipa asidi.

Shaba ina maradhi yake: chembe hushikana, na salfa au kloraidi huipa sumu. Sasa uliza kloraidi imetoka wapi. Biodizeli ilitengenezwa kwa kostiki soda, ambayo nayo ni kichocheo. Mafuta yakiwa yameshakaangiwa, sehemu ya soda inaliwa na asidi za mafuta na kugeuka sabuni. Nyingine inashuka na gliseroli, mtu anaiua makali kwa asidi ya haidrokloriki, na tayari una chumvi ya mezani, yaani kloraidi ya sodiamu, humo ndani. Kichocheo "kisichotumika" cha hatua ya kwanza kimekuwa sumu ya kichocheo cha hatua ya pili!

Kinachoniudhi zaidi ni wanakemia wenzangu. Ripoti inasema: "kimetumika mara tano bila kupungua nguvu." Unatazama jedwali, ubadilishaji (sehemu ya malighafi iliyogeuzwa) ni asilimia 100 kila mara. Bila shaka! Weka mafundi ishirini kwenye ukuta wa mafundi watano, kumi wakilala kazi bado itaisha kwa wakati. Nusu ya vituo vinaweza kufa bila namba kutikisika. Punguza kichocheo, au fupisha muda, ubadilishaji ushuke hadi asilimia 30 hivi, ndipo unionyeshe mara hizo tano.

Na tusijifanye tunajua yote. Platini ikikaa pamoja na tangsteni inaweza kuigeuza gliseroli kuwa propandioli ya 1,3, ndugu wa propileni glikoli, ile yenye bei, lakini tangsteni inafanya nini hasa bado tunabishana. Kila kundi lina mchoro wake wenye mishale mizuri. Tena majaribio mengi, yetu yakiwemo, hufanyika kwa gliseroli safi ya chupa, isiyo na chumvi wala sabuni.

Kwa hiyo anayekuuzia kichocheo muulize kimedumu saa ngapi kwenye gliseroli ghafi, ubadilishaji ukiwa chini ya 100, na kimechomwa mara ngapi. Akianza kukusomea maana ya kichocheo, badilisha muuzaji.