Ukame haumalizi mbu wa dengi

Wengi tumekua tukiamini kwamba mbu ni watoto wa mvua na madimbwi machafu, kwa hiyo kiangazi kikikaza, hatari imepita. Kwa mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza dengi na homa ya manjano na huuma zaidi mchana, imani hiyo inatuponza.

Yeye hupenda maji yaliyotulia ndani ya vyombo: pipa, ndoo, tairi kuukuu, hata kisahani cha chungu cha maua. Maji yakiadimika watu huyahifadhi nyumbani, na pipa lisilofunikwa humfaa kuliko mtaro. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa, kisha huanguliwa yakiloa. Nalo joto linaloongezeka hukomaza virusi upesi zaidi mwilini mwake.

Mjini Havana, Kuba, usafi wa mitaa peke yake haukuikomesha homa ya manjano. Mwaka 1901, daktari wa jeshi la Marekani William Gorgas na kikosi chake walipogeukia vyombo vya maji vya majumbani, ugonjwa ulitoweka ndani ya miezi michache.

Basi funika pipa vizuri. Kila wiki limwage na kusugua kuta zake, maana mayai hung'ang'ania hapo.