Kusoma bila kukwama si lazima kuwe kuelewa

Wazazi wengi, na hata baadhi ya walimu, huamini kwamba mtoto anayesoma kwa sauti bila kusitasita ameelewa anachosoma. Imani hiyo ina chanzo chake: masikio husikia ufasaha, na ufasaha hufanana sana na uelewa.

Ila Kiswahili huandikwa karibu sawasawa na kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua irabu 5 na silabi zake, anaweza kutamka hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Chukua sentensi hii: “Mkufu ulioghushiwa ulimtia sonara kiwewe.” Ataisoma vizuri kabisa. Ukimuuliza, “Nani alitiwa kiwewe?” atajibu, “Sonara,” na atakuwa amelinyofoa jibu kwenye sentensi tu. Muulize badala yake, “Kwa nini?” Hapo ndipo utajua kama anafahamu maana ya kughushi.

Ufasaha wenyewe una umuhimu mkubwa. Anayehangaika na kila silabi hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake.

Istilahi za fasihi nazo ni vivyo hivyo. Mwanafunzi hukariri kwamba tashbihi hulinganisha kwa “kama” au “mithili ya”, na sitiari hulinganisha moja kwa moja, kisha akapotea mbele ya shairi. Mpe “ana mbio kama swala” aigeuze iwe sitiari. Akisema “ni swala uwanjani”, ameelewa. Zoezi hili halihitaji kitabu cha mwalimu. Mzazi yeyote anaweza kulifanya jioni, taratibu, bila kumtisha mtoto.